Anza Kulia

Kazi yangu ni maji.
Ndoo mbili za plastiki, kata ya kifuu.
Nateka bomba la nyuma ya choo cha wageni,
Upanga, ambako bomba halijui kukohoa.
Kwetu Kigogo dumu hununuliwa,
na siku ya msiba muuzaji hupandisha bei
huku akisema poleni.

Sikudhani anacheza mwosha maiti.
Hakujifunza chuoni. Utotoni alisimama penye pazia
ameshika sabuni, anamtazama mama yake,
Bi Mwamvua, mwosha wa mitaa minne:
kiganja kinavyopita chini ya kitambaa
bila kukifunua,
tumbo linavyobonyezwa taratibu kama unga uliolala,
nywele zinavyosukwa mikia mitatu
na kulazwa nyuma,
kafuri mwishoni,
kidogo, maana ni ghali.

Maiti ni Editha, binti wa mzee wa kanisa la Kilutheri.
Amekubali kufa kila jioni saa moja na nusu
kwa elfu ishirini na nauli.
Nikifika na ndoo nageuza uso ukutani.
Sikuelekezwa. Anayeoshwa ni mwanamke.
Wageni hudhani ni hatua ya dansi;
mmoja aliiandika kwenye daftari lake.

Kwenye spika, sauti ya Bi Mwamvua
iliyorekodiwa jikoni, sufuria zikigongana:

*Asubuhi niliosha wa Masaki. Maji ya hita,
udi, taulo jipya tulilofunga kwenye mfuko tukalitupa.
Jioni niliosha wa bondeni, amelala mochwari siku tatu
akisubiri mchango utimie.
Vidole kumi huyu, vidole kumi yule.
Watu husema sanda haina mfuko.
Kweli haina.
Ila ina bei.*

Hapo wageni hucheka kidogo, kisha wanajuta.

Tiketi elfu arobaini.
Mwenye sauti alipofika getini siku ya mwisho
na baibui lake la kutokea,
mlinzi akamwambia, Mama, wa usafi mlango wa nyuma.
Hakubishana.
Ndiyo maana aliketi nami, juu ya kreti la soda,
karibu na ndoo ya pili.

Sasa, mwalimu wa dansi alikuwa amegeuza mambo.
Taa iko kushoto, alisema,
basi mkono uanzie kushoto, watu waone.
Sikudhani akainamia bega la kushoto la Editha,
kata ingali hewani,
na kutoka nyuma ya pazia sauti isiyo ya spika:
"Kulia, mwanangu. Anza kulia."

Ukumbi mzima ulisikia neno moja,
na neno lilikuwa na milango miwili.
Safu ya mbele wakatoa leso.
Sikudhani akahamia kulia, gizani,
ambako mwenye tiketi hamwoni.
Mimi nilikuwa ukutani. Nilisikia maji tu,
mara ya kwanza, ya pili, ya tatu,
bila haraka, kama nyumbani.
Waliokaa mbele wanasema maiti ililia.
Editha, macho kayafumba, kifua kikitetemeka.
Hilo halikuwamo kwenye mazoezi.

Makofi. Maua.
Bibi mmoja aliuliza kata inauzwa wapi.
Mwalimu wa dansi alitaka kujua nani alipiga kelele.

Bi Mwamvua hakuulizia mchezo.
Alinyooshea kidole ndoo ya pili, imejaa,
haikuguswa.
"Hii mnamwaga?"

Tukapanda bajaji, ndoo kaibana kwa magoti.
Matuta yote hadi Kigogo,
na tone halikuanguka.
Aliiweka nyuma ya mlango, akaifunika kwa sinia.
"Haitakaa," akasema,
akavua viatu, akatafuta mswala.